Beseni Halijafunikwa

Mwanaheri binti yangu,

Salamu utazipata kwa mama yako, ambaye tangu jana anazimwaga kama vile hutarudi tena kuzichota. Amekwisha kukwambia uvae nini, ule nini, usimjibu nani botini, na simu uifiche wapi ukishuka Kiunga. Mimi hapo sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo nisingethubutu. Nakuandikia alasiri hii, wakati wewe unazunguka nyumba za watu kuaga. Barua nitaitia ndani ya kiatu chako cha kushoto. Najua utavaa cha kulia kwanza, kama ulivyofunzwa, halafu utapiga kelele kwamba kile kingine kina panya. Si panya, ni baba yako. Usiisome kwa haraka. Boti ya Ras Kamboni na Kiunga haiondoki mpaka maji yajae, na nahodha wake hajapata kuwahi kitu chochote isipokuwa chakula.

Nina jambo nimelikalia miaka kumi na moja, na mahali pa kukalia pameanza kuuma.

Unaikumbuka ile barua uliyowaandikia watu wa chuo, iliyokupatia nafasi? Ulitusomea kwa sauti pale barazani. Ulieleza kwamba ulipokuwa na miaka minane uliwaona kwa macho yako samaki wa birika la msikiti wakioza mapezi, wakatiwa maji ya majani ya mkungu, na baada ya siku saba wakatoka wazima, wote, hata wale watatu wa pambo. Ukaandika kwamba tangu siku hiyo umetaka kujua jani lina nini ndani yake hata likaweza kuwaua bakteria na kumwacha samaki. Mama yako alilia. Bibi yako Bi Esha alijifanya hasikii, huku shingo kainyoosha kama bata. Mimi nikatoka nje kwenda kukohoa. Hukuniuliza kwa nini. Watu wa umri wangu hukohoa.

Mwanangu, hawakutoka wazima.

Nianzie nyuma kidogo, kwenye aibu ndogo, ili ile kubwa isije ikakuangukia ghafla. Mwaka ule nilirudi kisiwani Chovae baada ya kukaa Kismayo miaka mitatu na zaidi nikitengeneza majokofu. Nilikuacha ukiwa hujui kufunga kamba za kiatu, nikakukuta unamfundisha paka. Ulijificha nyuma ya kanga ya Bi Esha, ukauliza:

"Yule mgeni atalala hapa?"

"Atalala," Bi Esha akasema.

"Mpaka lini?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikajishughulisha na kamba ya ndoo ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Lakini nilikuja na kopo la samli, na ndani ya kopo kulikuwa na samaki watatu wekundu, mikia yao imetanda kama shela. Walitoka kwenye tangi la kioo la hoteli moja niliyokuwa nikiihudumia majokofu. Mwenye hoteli, Msomali, aliniita, "Waryaa, Shee, hawa watupe, wamechoka." Niliona kwamba mkia wa mmoja umechanikachanika pembeni, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Nilidhani ndio urembo wenyewe. Fundi wa majokofu atajua nini?

Asubuhi yake nilikufunulia kopo. Uliinama mpaka pua ikagusa maji. Hukunitazama. Ulisema, "Baba, wanaoga au wanakunywa?"

Baba. Hilo neno nilipolisikia, mwanangu, nilikuwa tayari kukuletea papa mzima ndani ya kopo la samli.

Sasa, samaki wanataka maji matamu, na kisima chetu unakijua kilivyo mbali. Ningeweza kuteka ndoo nne nikawawekea chombo chao. Badala yake nilipita njia fupi. Nikawatia kwenye birika la msikiti mdogo.

Mama yako aliniuliza, "Umewatia wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji gani?"

"Maji ya mvua."

"Mvua ya wapi, nawe?"

Kule chuoni hawatajua birika la namna hii ni nini, basi ukiwaeleza usiharakishe. Waambie ni tangi la mawe, limezikwa nusu, maji yake ya mvua huwa baridi hata Februari, na watu hulitawadhia. Waambie ndani mna samaki wadogo rangi ya vumbi, wanaokula viluwiluwi vya mbu, na hakuna mtu wa kisiwa hiki aliyewahi kuwavua wala kuwala, maana ni mali ya msikiti kama mkeka ulivyo mali ya msikiti. Waambie kwamba kabla ya kutumbukiza kata tunagonga ukingo mara moja, ili wasogee, tusije tukamteka mmoja wao. Na kwamba ukigonga, wote wanakimbilia gizani isipokuwa mmoja, mwenye jicho jeupe, ambaye yeye huja. Yule ambaye watoto mnamwamkia "Shikamoo Mzee". Nilipokuwa mtoto nami nilimwamkia. Siku zile sikujiuliza samaki wa kidole kimoja huishi miaka mingapi.

Hayupo mtu mwingine duniani ambaye angewatia wagonjwa wa hoteli ndani ya maji hayo. Baba yako alifanya hivyo huku anapiga mluzi.

Kabla ya Ijumaa ya pili, samaki wa vumbi walianza kuwa na ukungu mweupe kwenye kingo za mapezi. Halafu mikia ikaliwa. Wengine wakatoka vidonda vyekundu ubavuni, vya duara, kama waliochomwa kwa ncha ya sigara. Mzee naye mkia ukaanza kufumuka. Wewe ulikuwa unakwenda kuwatazama kila ukitoka chuo cha Kurani kwa Maalim, na kila siku swali lilikuwa lile lile: "Baba, watapona?" Na mimi, aliyekuwa mgeni wiki mbili zilizopita, nikajibu, "Watapona." Nilikupa ahadi ambayo haikuwa yangu kuitoa.

Bi Esha ndiye aliyejua la kufanya. Alisema tuchukue majani ya mkungu ule wa nyuma ya msikiti, mnakookota kungu na kuzipasua kwa mawe. Siyo mabichi, yale yaliyokwisha kugeuka rangi ya kahawa na kuanguka yenyewe. Yaoshwe, yaanikwe, yalowekwe ndani ya mtungi siku tatu. Yale maji yachujwe, yatiwe kidogo asubuhi, kidogo jioni, kwa siku saba. "Na uwe na subira," alinambia, akinitazama kwa namna ya mtu anayemwambia mbuzi asile ukili wa mkeka.

Tukaanza. Maji ya birika yakawa rangi ya chai nyepesi. Maalim akaja kuniuliza, maana kisheria maji yaliyobadilishwa rangi na majani yaliyodondoka yenyewe yanafaa kutawadhia, lakini mtu akitia majani kwa mkono wake mpaka maji yakabadilika, hayafai.

"Shee, majani haya yameanguka au yametiwa?"

Ningeweza kusema yametiwa, watu wakatawadhia kisimani siku saba, basi. Lakini yangefuata maswali: kwa nini yametiwa, ugonjwa umetoka wapi, nani kaleta samaki wa hoteli.

"Yameanguka, Maalim."

Alinitazama kidogo. Akaenda zake.

Siku saba, Bi Esha alisema. Mimi nilivumilia mbili. Siku ya tatu ukaniambia, "Baba, Mzee haji tena nikigonga." Nikaona kama dawa moja inasaidia, mbili zitamaliza kabisa. Nikapanda nikakata matawi ya mwarobaini, nikachemsha majani sufuria nzima mpaka maji yakawa meusi na machungu hata kwa kunusa tu. Nikayamimina yote. Sikumwambia mtu. Ilikuwa mchana, jua la utosi, msikitini hakuna mtu.

Wewe leo unajua mwarobaini uliokolea unamfanya nini samaki. Mimi nilijifunza nikiwa nimeinama.

Nilirudi baada ya muda mfupi kuangalia. Kisiwa kizima kilikuwa kimya kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia; hata kunguru. Samaki wote walikuwa juu ya maji, wamejipanga. Safu kwa safu, midomo juu, wote wameelekea ukuta mmoja, ule wa kibla. Hakuna aliyetikisa pezi. Wale watatu wekundu walikuwa safu ya nyuma, kama wageni waliochelewa. Na mbele ya safu zote, peke yake, Mzee.

Nimejieleza mara nyingi kwamba upande ule ndiko mfereji wa mvua unakoingilia, na samaki akikosa hewa huenda kwenye hewa. Inawezekana ndivyo. Lakini niligonga ukingo. Niligonga mara moja, halafu nikagonga kama mtu anayebisha hodi penye msiba. Hakuna aliyekimbia. Waliendelea kungoja kitu.

Kabla ya alasiri walikuwa wamelala ubavu. Niliwakusanya kwa chujio la nazi la mama yako (ndiyo, lile lililopotea) nikawatia ndani ya kopo lile lile la samli. Mzee nilimchukua kwa mkono. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, baridi, na lile jicho jeupe lilikuwa limekauka. Nakwambia hili ili ujue kwamba nilimtazama vizuri. Nikafukia kopo chini ya mkungu, karibu na makaburi ya zamani, nikaweka jiwe juu yake.

Kisha nikafunika birika kwa mkeka. Ukaja ukaniuliza. Nikasema, "Dawa haitaki kuangaliwa. Mpaka siku saba zitimie." Ulisimama pale ukiwa umeziba macho kwa viganja, ili usiiharibu dawa.

Siku zile nilisema nakwenda kutafuta vipuri. Nilipanda boti ya barafu mpaka Kismayo, nikapata wekundu watatu wanaofanana na wale kama mtu hatazami sana. Kurudi nilipitia Kudhaa, nikaomba kwa mtunza msikiti wao kopo la samaki wa vumbi, nikamwambia wetu wamepungua. Hapo angalau sikudanganya. Nikatoa maji ya birika nusu na kurudishia ya kisima, ndoo baada ya ndoo. Ona, safari zote nilizozikwepa mwanzo nilizifanya mwisho, mara kumi. Nikawatia samaki wapya na kurudisha mkeka. Mwenye jicho jeupe sikumpata, na sikumtafuta; jibu lake nilikuwa nalo tayari. Ningekwambia Mzee ni mtu wa haya, amejificha kwenye ufa.

Siku ya saba nilifunua mkeka mbele yako, mbele ya Bi Esha na Maalim. Maji yalikuwa safi. Wekundu wakapita, shela zao nzima. Ulipiga makofi. Halafu ukagonga ukingo mara moja, na wadogo wote wakakimbilia gizani.

Isipokuwa mmoja. Alikuja taratibu kutoka chini, akageuza ubavu, akatuonyesha jicho jeupe.

"Baba," ukasema, "Mzee amepona."

Bi Esha akaniambia, "Mbona umekaa chini?" Sikujua kama nimekaa.

Kesho yake, mchana ule ule wa jua la utosi, nilikwenda kwenye mkungu. Jiwe lilikuwa mahali pake. Nilifukua kopo. Ndani hamkuwa na samaki hata mmoja, wala mwiba, wala gamba. Mlikuwa na maji, yamejaa mpaka ukingoni, rangi ya chai. Mvua haikunyesha wiki zile. Nikajiambia: sisimizi. Sisimizi wa Chovae hawaachi kitu. Nimejiambia hivyo miaka kumi na moja na sijawahi kupata jibu sisimizi walileta maji na nini.

Labda yupo mwenye jicho jeupe aliyetoka Kudhaa na sikumwona. Labda niliyemzika alikuwa mwingine. Kama ni dawa iliyomponya, basi ilimponya akiwa amekwisha kufa, na dawa ya namna hiyo mimi siitaki nyumbani kwangu.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza. Mitungi. Chupa. Majani ya mpera, kitunguu saumu, manjano, mshubiri, kila kitu kinachooteshwa na kisiwa hiki kilipita kwenye kinu cha mama yako. Siku moja ukaniuliza, "Baba, na mwarobaini je?" Nikakupigia ukelele, "Mwarobaini usiuguse!" Nilikuona ukifungua daftari ukaandika: Baba hapendi mwarobaini. Ndio utafiti wangu wote huo, mwanangu, uko kwenye daftari lako.

Mwezi uliopita, barua ya chuo ilipokuja, nilikwenda kwa Maalim kutubu ile ya majani. Nilimwambia yalikuwa yametiwa, na kwamba kwa ajili yangu watu walisali kwa udhu usiofaa.

Akasema, "Najua. Mkungu ulikuwa umekwisha kupukutika siku nyingi, nao hauko karibu na birika. Niliwaambia wote watawadhe majumbani kwao."

"Wote?"

"Wote. Ni wewe tu hukuambiwa."

Yaani kisiwa kizima, Mwanaheri, ni mimi peke yangu niliyesimama safuni na udhu wa chai. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na siyo yote yalikuwa ya kicheko. Halafu nikajipa moyo, nikamuuliza kama siku zile za mkeka aligusa birika, kama alitia samaki yeyote. Akasema hapana. Nikamuuliza Mzee yule ana umri gani.

"Mimi nilimkuta," alisema, "na aliyenisomesha mimi alimkuta." Akabadilisha mazungumzo.

Basi hilo ndilo. Unakwenda kesho na mtungi wa Bi Esha kwenye mkoba, na nafasi uliyopewa kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea. Ukisimama mbele ya walimu wako ukasema nilikiona, utakuwa unasema ukweli wako na uongo wangu kwa mdomo mmoja. Ukiwaeleza, huenda wakacheka; huenda wakasema nafasi hii tulimpa yule mtoto mwenye samaki waliopona, wewe ni nani? Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sikuambii ufanye nini. Nimekwisha kukufanyia mengi bila kukuuliza.

Ila usiuchukie mkungu. Dawa ya Bi Esha haikushinda, lakini pia haikushindwa. Niliipa siku mbili katika saba, kisha nikaimwagia sumu na kufunika ushahidi. Haikuwahi kupewa nafasi, na aliyeinyima ni mimi, kwa sababu nilitaka kuitwa Baba wiki ile na wiki iliyofuata. Nimejifunza kwamba ungeniita hivyo hata wangekufa. Ungelia, tungewazika pamoja, ungeniuliza maswali. Na maswali yale yangekuwa mwanzo mzuri kuliko mkeka.

Sasa lile beseni. Umenicheka juma zima, "Baba, unafuga mbu?" Juma lililopita niligonga ukingo wa birika na Mzee hakuja. Nilimkuta pembeni, mapezi yana ukungu mweupe, mkia umefumuka kama zamani. Na wadogo wawili pia. Safari hii sikuleta mimi, naapa. Niliwatoa watatu hao, nikateka maji kisimani kwa miguu yangu mibovu, nikawaweka kwenye beseni nyuma ya jiko. Majani nimeokota yaliyoanguka. Nimeosha, nimeanika, nimeloweka siku tatu. Kidogo asubuhi, kidogo jioni. Bi Esha amesimamia na hakunitukana ila mara mbili. Najua utasema samaki watatu na beseni moja si ushahidi, panatakiwa wengine pembeni wasiopewa dawa. Hiyo itakuwa kazi yako. Yangu ilikuwa subira.

Kesho alfajiri siku saba zinatimia, na dawa ya mwisho nimeitia asubuhi ya leo. Mpaka jana asubuhi ule ukungu haukuwa umezidi wala kupungua. Tangu jana jioni maji yamekolea, na Mzee simwoni.

Ninapoandika hapa, mama yako yuko kwa jirani na Bi Esha amelala. Sasa hivi, mistari mitatu iliyopita, nimesikia kutoka nyuma ya jiko sauti ya kata ikigonga ukingo. Mara moja. Miguu yangu inataka kwenda kutazama, na mikono yangu naijua inataka nini ikifika huko. Nimekaa. Nimeapa sitaingia kule kabla yako, wala sitamtuma mtu.

Basi ukishavaa hicho kiatu, kabla hujashuka pwani, pita nyuma ya jiko. Gonga ukingo kwanza. Akija, atakuja. Akiwa amekufa, utamkuta amekufa, na chujio jipya la nazi liko pale pale juu ya ndoo, tutamzika wawili. Na kama hamna kitu ndani ya beseni ila maji rangi ya chai, usiniite nikueleze, maana sijui. Andika tu kwenye daftari ulichokiona.

Beseni halijafunikwa.

Baba yako,
Shee